Mashine ya Mwalimu Iliyozima Jumapili

Siku hizi mteja akiniletea kompyuta, kabla sijashika bisibisi, namuuliza kwanza anaishi nayo vipi. Wengi hucheka. Acha wacheke. Swali hilo lilinifikia kwa njia chungu, kwa mwanamke aliyenifundisha darasa la nne.

Duka langu la Kitengela lilikuwa bado jipya na kichwa changu kilikuwa kikubwa. Mtu akiingia akauliza, "Fundi yuko wapi?" namjibu, "Si ndiye unamwangalia," na sauti yenyewe haikuwa ya kubembeleza. Niliamini fundi mwanamke lazima awe na mdomo. Bado naamini kidogo.

Basi Mwalimu akanipigia simu kutoka Kajiado, alikokuwa amestaafu na kubaki peke yake. Binti yake wa pekee alikuwa ng'ambo, anatunza wazee wa watu, na huko akajifungua mtoto msichana. Kila Jumapili baada ya kanisa walionana kwa kompyuta, na Mwalimu akazoea kuitwa cucu, yaani nyanya ya mtoto. Simu ya mkononi haikumfaa, kwa sababu Mwalimu alikuwa na presha ya macho, na kwa simu uso wa mjukuu ulikuwa doa tu. Daktari alimwambia wazi kwamba macho yanaenda na hayatarudi.

"Niko na haraka ya kumwona huyu mtoto vizuri," akasema. "Na sasa hii kitu inalia tu, haiwaki."

Nilienda Jumanne. Sipiyu, lile boksi lenye mashine yenyewe, ikanililia mara tatu: pii, pii, pii, na skrini nyeusi. Fundi yeyote anaijua sauti hiyo. Mashine inalalamikia RAM, vile vijiti viwili vya memori. Nikavichomoa, nikatoa raba ya shule mfukoni, nikasugua zile ncha za rangi ya dhahabu mpaka zikang'aa.

"Kwani hiyo si raba?" Mwalimu akauliza, amekaza macho.

"Ni raba, Mwalimu."

"Woi! Na vile ulikuwa unatoboa nayo vitabu! Kumbe ulikuwa unafanya mazoezi."

Tukacheka hadi tukashika mbavu. Nikarudisha kijiti kimoja, ikawaka. Nikaongeza cha pili, ikawaka. Akanipa chai ya maziwa na nduma, nikarudi Kitengela nikijiona rais wa mafundi wote.

Jumapili akanipigia tena. Mtoto alikuwa ndio kwanza ametokea kwa skrini, anamchekea, na mashine ikazima pap.

Hapo ndipo ujeuri wangu ulipoanza. RAM ilikuwa imeshajishtaki yenyewe, nitafute mshukiwa mwingine wa nini? Nikamwekea vijiti vipya. Jumapili ya pili ikazima. Nikaibeba mpaka dukani, nikapima kijiti kimoja kimoja, nafasi moja moja, kutwa nzima, na programu ya kupima haikupata kosa hata moja. Nikabadilisha pawa saplai inayoilisha umeme. Nikapuliza vumbi, na vumbi la huku halihitaji utangulizi. Siku nne ilifanya kazi dukani kwangu bila kukohoa. Nikairudisha Kajiado Alhamisi nikiwa nimekasirikia chuma, nikaiwasha mbele yake saa nzima, ikatulia. Jumapili ikazima.

Kila simu ilikuwa na habari yake. Mara mtoto amekaa. Mara anatambaa kinyumenyume. Mara Mwalimu mwenyewe ananiambia, kama anayetaja mvua, "Jicho la kushoto limefunga duka." Jumapili ya nne ilipoharibika pia, alisema tu, "Labda ni mimi sina bahati." Hakuwa ananilaumu. Haki ya Mungu, afadhali angenitukana.

Jumapili ya tano niliruka kanisa langu, nikaenda kukaa naye. Kuingia, sikuitambua nyumba. Siku zangu za wiki niliikuta ina viti vitupu na meza tupu. Leo kila kitu kilikuwa kimevaa: viti, meza, redio, hata thermosi ya chai, vitambaa vyeupe vya kufuma vilivyopigwa pasi. Na sipiyu! Tangu ile Jumanne niliyoiwasha, alikuwa ameifumia gauni lake mwenyewe, la uzi mzito, lina bitana, limeshuka pande zote mpaka sakafuni.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Si mgeni anakuja," akasema, akinishangaa mimi. "Niache vyombo uchi na mjukuu wangu anaangalia? Fundi akija ndio natoa, visishike uchafu."

Nikaingiza mkono chini ya kitambaa. Palikuwa na moto kama sufuria ya githeri. Feni ilikuwa inahema humo bila pa kutolea joto, na mashine ikizidiwa na joto hujizima yenyewe isiungue. Mama yangu mzazi anavalisha hata mtungi wa gesi wageni wakija, na bado haikunipitia akilini kwamba mtu wa kwenye skrini naye ni mgeni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mwalimu huyu alituimbia kila asubuhi kwamba kuuliza si ujinga, na mimi kwa wiki tano sikumuuliza swali hata moja kuhusu Jumapili zake.

Nikakivua kile kitambaa, nikakikunja vizuri, nikakiweka kwa kiti. Simu ikaingia. Dakika kumi, ishirini, nusu saa, na mashine imetulia tuli. Binti yake akamsogeza mtoto mpaka uso ukajaa skrini nzima. Mtoto akafungua kinywa, akacheka. Mwalimu akavuta kiti karibu, akavuta tena, pua yake ikakaribia kugusa kioo. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, vile kuku huangalia punje. Nilijua kabla hajasema.

Akanishika mkono chini ya meza, akaninong'oneza binti yake asisikie.

"Msichana wangu, ameota meno?"

"Mawili, Mwalimu. Ya chini."

Akainua uso, akaitabasamia ile skrini kwa nguvu zake zote.

"Mawili ya chini!" akaita. "Cucu ameyaona!"