Uzito wa Baba

Juzi, bandarini Kigoma, niliwaona vijana wawili wamedandia nyuma ya foklifti iliyobeba saruji, wakicheka. Mimi harufu ya mawese ndiyo iliyonijia.

Siku moja utotoni nilikuwa nimempelekea baba, kuli wa bandari hiyohiyo, ugali na samaki wa migebuka. Mapipa ya mawese yaliyobebwa mbele yaliizidi foklifti uzito, magurudumu ya nyuma yakanyanyuka.

"Mzee, panda nyuma!" dereva akaita.

Baba alipanda, akanipungia mkono. Nilidhani anatembezwa kwa heshima, nikaona fahari. Kumbe walihitaji kilo zake ziyarudishe magurudumu chini. Mashine iliporudi nyuma aliteleza, gurudumu likapita juu ya mguu wake. Hakutembea tena bila magongo.

"Shukeni, wanangu," niliwaambia vijana.

"Shikamoo, mama. Tunaongeza uzito tu."

"Marahaba. Hata baba yangu alikuwa uzito tu."