Mama Wawili Kwenye Mkeka Mmoja

Mara ya mwisho ndugu yangu alipokuja Korogwe alikuwa amekonda hata shati lilimkaa kama la kuazima. Nilimpokea stendi mchana, akashuka na begi dogo na miwani myeusi. Kabla sijafungua mdomo akaniwahi.

"Usinishangae, dada. Nimepewa nafasi ya mgonjwa. Mwongozaji anataka mtu aliyekwisha kabisa."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo, kuwa mtu mwingine.

Alikuwa mtoto wa mama yangu mkubwa, na tulikulia nyumba moja Kwamndolwa. Uigizaji ulimpata ujanani, kikundi cha filamu kutoka Dar kilipokuja kupiga picha katika nyumba kuukuu ya shamba la mkonge. Walihitaji maiti. Vijana wengine walikataa, wakisema ni mkosi kulala chini na kufunikwa shuka. Yeye akalala. Inzi akamtua mdomoni, akatembea mpaka puani, naye hakutikisika. Mwongozaji alipomwambia aamke, alikawia kidogo, na watu wakaanza kutazamana. Kisha akafumbua macho, akauliza kama wana maji ya kunywa.

Baada ya hapo akaenda Dar, na haikuchukua muda tukaanza kumwona kwenye televisheni. Nafasi zake nyingi zilikuwa za ubaya: shemeji anayemdhulumu mjane, kijana anayemwibia mjomba wake. Kuna muuza nyanya mmoja pale sokoni Korogwe alikataa kumuuzia.

"Kwanza mrudishie yule mama nyumba yake," alimwambia, na hakuwa anatania.

"Nitamrudishia, mama," ndugu yangu akajibu kwa unyenyekevu. "Nipe nyanya kwanza, nikishakula nitakwenda kumrudishia."

Akauziwa. Tulicheka njia nzima, lakini nakumbuka aliniuliza baadaye, kwa sauti ya kawaida tu, kama mimi nadhani yeye ni mtu mbaya. Nilidhani yeye anatania.

Basi siku ile alipokuja amekonda, tulilala Korogwe, na asubuhi tukaenda Handeni kwa mama yake. Mama mkubwa alikuwa amerudi kwao tangu mumewe afariki, analima mahindi na kunde, na hakuwa mtu wa filamu. Alizitazama chache, akaziacha, kwa sababu hakupenda kuona watu wakimtukana mwanawe. Alipomwona mwanawe mlangoni, alimshika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole vyake, vikapishana.

"Hii filamu inakwisha lini?" akauliza.

"Karibu, mama. Ikiisha nitakula mpaka ukoko."

Mama mkubwa alipika ugali na kisamvu cha nazi, chakula alichokipenda mwanawe tangu utoto. Ndugu yangu alimega tonge moja, akalizungusha mkononi muda mrefu huku akitusimulia habari za Dar. Mama mkubwa alisikiliza habari, lakini macho yake yalikuwa kwenye lile tonge.

Siku alizokaa pale alilala sana. Wakati mwingine alianza kugumia kwa maumivu, mkono ubavuni, halafu akanikonyeza na kunyoosha mgongo kama mtu aliyemaliza mazoezi. Nikazoea. Jioni moja nilipitia nyuma ya nyumba kuchukua kuni, nikamkuta peke yake kwenye jamvi, amejikunja, uso umebadilika, jasho linamtoka. Hakukuwa na mtu wa kumtazama. Alipogundua nimesimama pale, akatulia, akaniuliza:

"Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri sana," nikasema.

Akatabasamu. Mpaka leo nalitazama tabasamu lile kila upande, na sijui lilikuwa la nini.

Alirudi Dar akamaliza filamu yake. Haukupita muda mrefu, nikiwa shuleni Magoma ninakofundisha, simu ikaita. Alikuwa rafiki yake waliyekuwa wakiishi naye. Aliniambia pole, jamaa ametutoka. Nami nikamwuliza swali ambalo hata sasa nikilikumbuka naona haya: "Kwenye filamu?"

Akasema, "Hapana, dada. Hospitali. Figo. Wanasema zilikuwa zimechoka zamani."

Tulimzika Handeni. Watu walikuja kutoka kila mahali, wengine kutoka Vugiri na milimani kote, watu waliokuwa wanamjua kwa sura tu. Wanaume walikuwa nje, sisi wanawake tumekaa ndani na ukumbini kwenye mikeka. Mama mkubwa alikuwa katikati, amefunika kichwa kwa khanga, hajalia tangu asubuhi.

Ndipo akaingia mwigizaji mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiigiza kama mama yake kwenye filamu nyingi. Alikuwa analia hasa, hawezi hata kuvua viatu vizuri. Na wanawake wote pale walimjua. Walikuwa wamemwona akimlea marehemu, akimgombeza, akimwombea dua. Wakainuka. Mmoja akamshika mkono, mwingine akamletea maji, wakawa wanamwambia pole, mama, pole kwa msiba, Mungu akupe subira. Nilimsikia bibi mmoja akisema, "Masikini, na alikuwa mwanawe wa pekee." Mwana wa pekee kwenye filamu, maana kwa kweli ndugu yangu alikuwa na kaka yake, tena alikuwa hapo nje akichimba kaburi.

Nilitaka kusema neno. Lakini ningemwambia nani, na ningesema nini? Kwamba machozi yale si ya kweli? Yalikuwa ya kweli. Mama mkubwa alikuwa amebaki karibu peke yake kwenye mkeka, macho makavu, na kama ungeingia pale hujui kitu, ungesema msiba ni wa yule mwingine.

Mwigizaji mwenyewe ndiye aliyegundua kosa. Alijitoa mikononi mwa watu, akaja akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama mkubwa akauliza, "Kwako alikuwa anakula?"

Mwanamke yule alishangaa. "Alikuwa anakula, mama. Tukiwa kazini tulikuwa tunapika pamoja. Alikuwa anapenda wali wa nazi."

"Wali," mama mkubwa akarudia, kama mtu aliyesikia habari mpya. "Na kukuita, alikuwa anakuitaje?"

"Alikuwa ananiita mama. Hata kamera zikizimwa."

Mama mkubwa alisogea kidogo pembeni, akampapasia nafasi kwenye mkeka. Yule akakaa. Ndipo mama mkubwa alipoanza kulia, na sikuelewa kama analia kwa uchungu wa kufiwa au kwa neno lile aliloambiwa.

Mwongozaji naye alikuja. Baada ya mazishi nilimfuata alipokuwa amesimama karibu na gari lake, nikamwuliza ilikuwaje. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani.

"Tulimwambia apungue kidogo," alisema. "Akarudi amepungua sana. Tukampongeza, dada. Tulimpigia makofi."

"Alijua kwamba anaumwa?"

"Nimejiuliza hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyeniomba ile nafasi. Nilikuwa nimempa ya daktari."

Hadi leo nimeshindwa kuamua: je, alikonda kwa ajili ya filamu ndipo ugonjwa ukampata, au aliitafuta filamu ili apate mahali pa kuuficha ugonjwa? Kuna siku naona hivi, kuna siku naona vile.

Filamu ilipotoka nilikwenda Handeni kuitazama na mama mkubwa, kwa kuwa yeye mwenyewe aliniomba. Kwenye kioo yule mwigizaji alikuwa anamlisha ndugu yangu uji kwa kijiko. Mama mkubwa alisogea karibu na televisheni.

"Hapo haigizi," akasema. Baada ya kitambo akasema, "Hapo anaigiza." Nikajaribu kuona tofauti, sikuiona. Filamu ilipofika mahali anapojikunja na kushika ubavu, nilingoja mama mkubwa aseme. Sehemu ile ikapita.

"Hapo sijui," akasema mwishowe. "Nimemzaa mimi, lakini hapo sijui."

Tangu hapo hata kumbukumbu zangu mwenyewe siziamini. Kwa mfano, namkumbuka ndugu yangu akilia kwenye kaburi la baba yake, amevaa kanzu, mvua inanyesha. Naiona waziwazi, hata matone kwenye kofia. Lakini sisi wanawake hatukwenda makaburini siku ile. Nilimwonaje? Lazima ni filamu, ila sijui ipi, na nikiiondoa kumbukumbu hiyo, najikuta sina nyingine ya yeye akilia.

Yule mwigizaji hakupotea. Huja Handeni Idi, hukaa siku mbili tatu, huenda shambani na mama mkubwa. Mwaka huu niliwakuta jikoni wanapepeta mchele, wanasemezana Kizigua, kumbe naye ni Mzigua, kwao Kilindi, wilaya jirani. Jirani mmoja mgeni, aliyehamia karibuni, akapiga hodi.

"Samahani," akasema, "mama wa marehemu yupo?"

Wakaitika wote wawili. Yule jirani akabaki amesimama mlangoni na bakuli lake la choroko, ananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua.