Jarida Lisilotajwa

Dada yangu alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, na nampenda, ndiyo maana nasema.

Yeye ni mhariri wa jarida la utafiti wa uzazi. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya maktaba ya chuo, feni bovu, nakala zimepangwa mpaka dirishani. Hakuolewa. Nyumbani tukimtania kwamba mumewe ni jarida, anacheka tu, hakatai.

Basi mkuu wa chuo akamwita. Akamweleza kwamba siku hizi jarida linapimwa kwa kutajwa: watafiti wakiandika makala zao, wanataja walikosoma. La kwake halitajwi, kwa hiyo lipande mwaka huu au lifungwe. Dada alirudi amenyong'onyea, chai ikapoa mbele yake.

Akaanza kuwapigia simu madaktari waliowahi kumwandikia, akiwabembeleza walitaje jarida kwenye kazi zao mpya. Roho iliniuma kumsikia, maana dada si mtu wa kuomba. Wengi walimpiga chenga. Daktari mmoja mzee, asiyemung'unya maneno, ndiye aliyemwambia ukweli.

"Binti yangu, tulikuwa tunalitaja. Wewe ndiye uliyekuwa unatukatia."

Na ni kweli. Kila madaktari walipoleta makala inayotaja jarida lake, alifuta, akaagiza kitajwe chanzo kikubwa cha ng'ambo, hata kama hao wa ng'ambo walichukua matokeo hayohayo kwake. Alitaka jarida lionekane la maana, masikini. Alikata simu. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa.

Mwaka ukaisha, halikupanda. Tukiwa tunafungasha nakala kwenye maboksi, akaingia mkunga kutoka zahanati ya mbali, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa anatafuta ile makala ya kuzuia damu baada ya kujifungua. Yao wameibandika ukutani juu ya kitanda cha kuzalishia, na sasa imechakaa, haisomeki. Akasema imewaokolea akina mama wengi, hata hawahesabu tena.

Dada akamshika mkono. "Umewahi kuandika mahali popote kwamba mnaitumia?"

Mkunga akamshangaa. "Niandike wapi, mama? Mimi nazalisha."

Dada akamtafutia nakala, akamwuliza kama anataka na nyingine ya akiba. Mkunga akasema hapana, atakuja kuchukua toleo jipya likitoka.

Hakuna kati yetu aliyemwambia.