Tuliporudi Bondeni Kumwita Ireri

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu mwaka tulipohama kutoka bondeni karibu na mto Tana, tukapanda kwenda kuishi juu kwenye mawe, upande wa Kiambere. Bwawa lilikuwa likijengwa, na ilijulikana kwamba maji yangefika mashambani kwetu. Watu wazima walilizungumza jambo hilo kwa muda mrefu, lakini ninavyokumbuka mimi, lilitokea asubuhi moja tu. Lori la kubeba pamba lilikuja, vitanda na mabati vikapakiwa, Baba akatangulia kwa miguu na mbuzi, na sisi tukapanda juu ya magunia ya mtama. Mama alikuwa amembeba mdogo wangu, Ireri, mgongoni. Mtoto alikuwa wa mwaka mmoja na nusu hivi, na alikuwa amelala.

Kulala kwake ndiko kulikoleta maneno baadaye.

Cucu, mama yake Baba, aliamini kwamba mtoto mdogo hahamishwi kama gunia. Kabla ya kuondoka, mama yake husimama naye mlangoni, mtoto akiwa macho, akamwita kwa jina na kumwambia, haya, tunakwenda, twende wote. Asipoitwa, mwili utaondoka lakini kivuli kitabaki. Na kivuli, kwa maelezo ya Cucu, ndicho kinachosikia mtu anapoitwa. Sijui kama hayo yalikuwa ya sisi Wambeere wote au ya nyumba yao tu. Cucu alikuwa Mkristo wa benchi la mbele, aliyejua nyimbo zote bila kitabu, na sikumwona hata siku moja akihangaika kuyapatanisha mambo hayo mawili. Siku ya lori hakuwepo. Alikuwa ametangulia kule juu kukaa kwenye kibanda ili kuni na nguzo zetu zisichukuliwe. Angekuwepo, Ireri angeamshwa na kuitwa, na huenda hadithi hii isingekuwepo.

Kabla hatujahama, Ireri alikuwa na maneno machache. Alisema "mama", alisema "mai" akitaka maji, na mbuzi alimwita "mee". Mvua ya kwanza ilipotukuta kule juu, maneno hayo yalikuwa yamekwisha. Hayakukoma siku moja. Yalipungua kama chumvi kwenye kopo: kila mtu alidhani bado ipo, hadi siku alipokwenda kuichota. Alipotaka maji alinishika kifundo cha mkono, akanivuta hadi kwenye mtungi, akauweka mkono wangu juu ya kata bila kunitazama usoni. Alipenda kuketi peke yake akipanga punje za ndengu kwenye mstari mrefu, na mtu akiuvuruga, hata kwa upindo wa sketi, alilia mpaka akashindwa kupumua vizuri. Alipofurahi alitikisa viganja vyake mbele ya macho. Jina lake likiitwa, hakugeuka.

Baba alisema wavulana huchelewa, hata yeye mwenyewe alichelewa. Muuguzi aliyempima uzito kwenye kliniki alisema mtoto ana afya, na kwa kweli alikuwa na afya, mnene na mwenye nguvu. Katekista alituambia tuombe na tusubiri. Wote walikuwa watu wazuri na walisema jambo moja: subirini.

Cucu hakusubiri. Alichukua kigoda chake akakaa nyuma ya Ireri, akamwita jina. Hakugeuka. Akagonga sufuria kwa kijiko, na mtoto akashtuka. Akatoa karanga zilizofungwa kwenye pindo la leso, akazichezesha polepole, na Ireri akageuka mara moja na kunyoosha mkono. Cucu alirudia hivyo siku nyingine, akiwa amekaa mbali zaidi. Kisha akamwambia Baba, mbele yetu sote, kwamba masikio ya mtoto ni mazima, kasoro ni kwamba jina lake halimfikii. Ndipo akauliza siku ya lori Ireri aliitwa na nani. Mama akasema kweli. Hakuitwa, alikuwa amelala, na dereva alikuwa na haraka.

Cucu alipouliza hivyo hakuwa na ubaya. Aliyeutia ubaya ni shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, aliyekuwa amejenga ng'ambo ya korongo. Alipoambiwa habari za kivuli alizichukua akatembea nazo. Kisimani na sokoni watu wakaanza kusema kwamba mke wa kaka yake alijali vyombo akamsahau mtoto. Akamshauri Baba amrudishe Mama kwao, pamoja na Ireri, hadi wazazi wake watafute njia ya kulitengeneza jambo hilo. Baba hakukubali na hakukataa. Mama aliacha kwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Alipika, akatugawia, akala mwisho kabisa, akiwa amesimama. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa maana ya mwanamke kurudishwa kwao, na kila nilipotoka shule nilitazama kwanza kama leso yake bado imeanikwa kwenye miba nje.

Ndipo habari ikaja kwamba maji yameanza kupanda. Wachungaji walisema shamba la chini la pamba limekwisha, na nyumba za zamani hazina muda mrefu. Cucu alikuwa akipepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Maji yakifunika uwanja ule," akamwambia Mama, "tutamwita wapi tena? Kesho tunashuka."

Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo nilikwenda nao, nikibeba chupa ya uji. Cucu alitangulia na fimbo yake, Mama akafuata akiwa na Ireri mgongoni, nami nikawa nyuma. Baba alitutazama tukiondoka, akasema tu tusikae sana kwenye jua. Njia niliyoipita mara nyingi nikichunga mbuzi ilikuwa imeanza kuota nyasi. Nakumbuka visigino vya Mama vilivyopasuka, na mguu mmoja wa Ireri ukigonga ubavu wake kila alipokanyaga.

Nyumba yetu ilikuwa imebaki sakafu. Nguzo tulikuwa tumezichukua wenyewe, udongo wa kuta ulikuwa umeangukia ndani, na yale mafiga matatu yalikuwa pale pale, meusi. Maji yalionekana chini ya migunga, yametulia, ya rangi ya chai ya maziwa, na matawi makavu yalikuwa yakielea juu yake. Sikutegemea yawe kimya namna ile. Nilidhani maji yanayohamisha watu yangekuwa na sauti.

Cucu alimwonyesha Mama pale ulipokuwa mlango. Mama akamshusha Ireri, akamsimamisha, akarudi nyuma kidogo.

"Ireri," akaita. "Uka, tuinuke." Njoo, twende nyumbani.

Ireri aliketi chini. Akaanza kuokota vijiwe kutoka kwenye udongo wa ukuta na kuvipanga kando ya mafiga. Mama akaita tena, mara nyingi, sauti ikipanda kila mara, hadi ikakatika katikati ya jina. Cucu akaita, kwa sauti yake ya kanisani, akamtaja kwa jina lake, akamtaja na babu ambaye Ireri alipewa jina lake. Mtoto hakuinua uso. Kisha mahali fulani kwenye kichaka, mbali sana kiasi kwamba mimi mwenyewe nilifikiri nimesikia vibaya, njuga ya mbuzi ililia. Ireri akainua kichwa, akageukia kule kule ilikotoka, akatabasamu, akarudi kwenye vijiwe vyake.

Mama aliketi kwenye vumbi akajifunika uso kwa leso. Nilijua anafikiria nini. Kivuli kimekataa kuja, au maji yamekichukua, na kosa ni lake, na safari ya kurudi kwao imefika. Nadhani ni hofu hiyo iliyonifanya niseme, maana kwetu mtoto haingilii shughuli ya wakubwa.

"Lakini Cucu, hata tulipokuwa tunaishi hapa alikuwa hivi."

Cucu akageuka. "Hivi vipi?"

Nikamweleza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlea Ireri baada ya shule, pale pale uwanjani. Nilimwonyesha mwewe angani na mashine za barabara zilipopita ng'ambo, nikanyoosha kidole, naye akawa anatazama kidole, au asitazame chochote. Mtoto wa jirani yetu wa siku zile, msichana aliyezaliwa mwezi mmoja naye, alikuwa akielekeza kidole kwa kila kitu na kutupungia mkono tukienda shule. Ireri hakuwahi kupunga. Nilijifunika uso kwa sketi na kujifunua, mchezo unaochekesha kila mtoto, naye akawa anatazama pindo la sketi. Nilimwita nikarudia, hadi nikaacha kumwita, nikawa naenda kumchukua tu.

"Kabla ya lori?" Cucu akauliza.

"Kabla ya lori. Kabla ya kuvuna pamba."

Cucu akamtazama Mama, akamwita kwa jina langu. "Mama Wawira, wewe uliona?"

Mama hakuondoa leso usoni. "Niliona, Cucu. Niliogopa kusema."

Cucu alikaa kwenye figa moja, fimbo magotini, akimtazama Ireri anavyopanga vijiwe, kidogo mwisho na kikubwa mwanzo. Jua lilikuwa limepita utosi. Hatimaye akainama, akagusa ardhi kando ya mtoto pale kivuli chake kilipoangukia, kifupi na cheusi.

"Hiki hapa," akasema. "Kimeketi naye. Hakuna aliyekiacha popote."

Tukanywa uji, tukapanda.

Jioni ile Cucu alimwita shangazi kutoka ng'ambo, akamwita na Baba. Sisi watoto tulitolewa nje, lakini kuta za kibanda kile zilikuwa za fito tupu. Hakupandisha sauti. Alisema amekwenda, ameita mwenyewe, na ameona kwa macho yake kwamba mtoto hakuachwa. Alizaliwa hivyo, na wa kwanza kujua walikuwa mama yake na dada yake. Na kama kuna mtu anayetaka kumrudisha mama wa watoto hawa kwao, aje kwanza amrudishe yeye, kwa sababu yeye pia alikuja nyumba hiyo kuolewa. Shangazi aliondoka bila kuaga. Baba alitoka akasimama karibu na zizi kwa muda, kisha akarudi, akamwomba Mama chakula, na usiku ule Mama alikula ameketi.

Jina la hali ya Ireri nilikuja kulisikia nikiwa mtu mzima, katika mafunzo ya walimu wa chekechea mjini Embu. Mkufunzi alisema "usonji", kisha akaanza kueleza dalili ambazo mwalimu au mzazi anaweza kuziona hata kabla mtoto hajafika miaka miwili. Niliacha kuandika. Alikuwa akimweleza ndugu yangu, kuanzia kidole kisichonyooshwa hadi maneno yaliyokuja yakarudi nyuma, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote chumbani humo kuhusu Ireri.

Sasa nina miaka mingi katika kazi hii. Hivi karibuni nilimweleza baba mmoja, mtu wa ofisini, wasiwasi wangu juu ya mwanawe, akanijibu kwamba wavulana huchelewa, na kwamba mama yake mzazi anasema mtoto alitazamwa na jicho baya sokoni. Sikubishana naye juu ya jicho. Nilimwomba aketi nyuma ya mtoto amwite jina, kisha afungue pakiti ya biskuti, anieleze tofauti aliyoiona. Kesho yake alikuja na mkewe kuniuliza hospitali gani wanaweza kwenda kuonana na mtu anayejua mambo haya. Mtoto wao ana miaka miwili na miezi michache. Ireri hakupata mtu wa namna hiyo hadi alipokuwa na miaka kumi, shule iliyokuwa na darasa maalumu ilipomkubali. Alianza kusema maneno mawili mawili akiwa na minane. Leo ni mwanamume mzima, anaishi na Mama, anakamua mbuzi na kuchota maji, na siku za soko hatoki kwa sababu ya kelele. Nikienda nyumbani hanisalimii, lakini huja kukaa karibu nami kwenye benchi, na baada ya muda hunivua saa ya mkononi ili aitazame mshale ukizunguka.

Mara nyingine wenzangu kazini husema imani za wazee ndizo zinazowachelewesha watoto wetu. Nakubali kwa sehemu, kwa sababu niliona imani ile ile ikikaribia kumfukuza mama yangu. Lakini siwezi kumweka Cucu kwenye kundi hilo nikamaliza. Sababu aliyoitaja haikuwa kweli. Aliyoyaona yalikuwa kweli, na aliyaona mapema, wakati Baba na muuguzi na katekista walikuwa wametuambia tungoje. Sote tulikaa kungoja Ireri aanze kusema. Cucu, na magoti yake mabovu, alifunga leso kiunoni akashuka bondeni kumtafuta.