Mabehewa ya Hamisi

Mwanangu, iko siku moja mpaka leo haijanitoka kichwani. Enzi za Ujamaa hizo, tukikaa Mchafukoge. Hamisi, fundi bati wa mtaa wa Gerezani aliyetokea Nachingwea, kusini, alikuwa ameleta posa kwetu, ananitaka mimi. Baba akataka akaone mwenyewe kijana anaishije. Shangazi Zuhura, dada yake, akasema wanakwenda wote, akanishika mkono na mimi, ingawa haikuwa desturi.

"Shikamooni," Hamisi alitupokea mlangoni, jasho likimtoka.

"Marahaba."

Baba akaingia, akasimama. Ukuta mzima ulikuwa rafu, na rafuni mabehewa madogo ya mizigo, yote ya bati: ya ng'ombe, ya mafuta, ya magunia. Milango yake ilifunguka na kufungwa kama ya kweli.

"Haya ya nani?"

"Yangu, baba. Nayatengeneza mwenyewe."

Baba akamgeukia shangazi. "Wenzake wanajenga taifa, yeye anachezea vigari. Twendeni zetu."

Nilimpenda. Naye Hamisi aliinamisha kichwa tu, hakujitetea. Kwao kijana hajibizani na mkubwa.

Shangazi hakusogea. "Kaka, umeshamhukumu na hujamuuliza." Kisha akamwambia Hamisi kwa upole, "Kwa nini mabehewa, baba?"

"Mzee wangu alikuwa akiyaunganisha, kwenye reli ya kwetu kusini. Siku moja yalimbana katikati, akafa. Mimi mdogo. Baadaye reli yenyewe ikang'olewa, mabehewa yakaondolewa. Picha yake hatuna hata moja." Akagusa behewa moja. "Nikiyatengeneza haya, namwona anavyopita kati yake."

Baba akavua viatu, akakaa mkekani.

"Lile la ng'ombe," akasema, "hebu nilione."

Adhana ya alasiri ilitukuta palepale, baba bado anauliza habari za behewa la pili, la tatu. Mfungo ulipokwisha nikaolewa, na nimeishi na Hamisi mpaka Mungu alipomchukua.

Basi mwanangu, ukimwona mtu ameshikilia jambo usilolielewa, usiwe mwepesi wa kucheka. Muulize, halafu umwache amalize. Na ukichekwa wewe, sema. Heshima si kunyamaza mpaka upoteze kilicho chako. Hamisi nusura anikose kwa kunyamaza.

Mungu akupe subira ya kusikiliza, akujaalie na watu wa kukuuliza kabla hawajakupa mgongo. Amina.