Tekle na Mgongo wa Sinyora Ersilia

Tekle alipoingia dukani kwangu mara ya kwanza aliulizia zipu fupi nyeusi, na kabla sijavuta droo nilikwishajua ni mtoto wa nani. Alikuwa na paji la uso la Lamara na namna yake ya kusimama, uzito wote kwenye mguu mmoja, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Mama yako yuko juu, ghorofa ya tatu," nikamwambia. "Kengele imekufa, gonga mlango."

Akasema ahsante, akachukua zipu yake, akatoka na kushika njia ya kuelekea mtoni.

Duka langu ni la vifungo, nyuzi na bitana. Liko mtaa wa San Frediano, chini ya nyumba aliyokuwa akiishi Sinyora Ersilia Bandinelli, mwanamke aliyeuza glavu maisha yake yote na kuzeeka bila mume wala mtoto. Lamara ndiye aliyekuwa akimtunza: kumwogesha, kumlisha, kulala chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Alikuwa ameiacha nchi yao, Georgia, wakati Tekle ana miaka sita. Mwanzoni hakuwa na karatasi za ukaazi, na asiye na karatasi akitoka Italia harudi, kwa hiyo hakutoka. Alimlea binti yake kwa simu na kwa vifurushi alivyopeleka kila Jumapili kwenye yale magari madogo yanayokwenda kwao. Karatasi zilipopatikana, Tekle alikuwa msichana mkubwa. Walikaa pamoja wiki chache kule Zestafoni, mji wao, kama wageni wawili waliopewa chumba kimoja, kisha Lamara akarudi kazini. Katika nyumba ile aliyeitwa mama ni bibi, Natela. Mama mzazi aliitwa Lamara, kama nilivyomwita mimi.

Halafu Tekle akachaguliwa katika shule ya mitindo hapa Firenze. Lamara alitangaza mtaa mzima.

"Anakuja kusomea ubunifu wa mavazi," alimwambia muuza nyama.

"Mwambie anishonee aproni."

"Wewe huna kiuno cha kushonewa, Duilio. Wewe unahitaji turubai."

Basi Tekle akaja, akapanga kitanda katika nyumba ya wanafunzi wenzake ng'ambo ya pili ya mto, na kuanza masomo. Hakuwa wa kwanza darasani, wala wa mwisho. Mkono wake ulichora vizuri, ila alishona polepole na alifumua sana. Kilichomsumbua zaidi ni maneno. Pale shuleni kabla hujaonyesha nguo unatakiwa usimame ueleze imetoka wapi ndani ya moyo wako, na wenzake walikuwa wepesi wa kueleza. Yeye, mwaka wa kwanza, alishona gauni jeusi lenye mikono mirefu iliyopasuliwa, kama mavazi ya wacheza ngoma wa kwao. Mwalimu wake, Profesa Guidotti, alilizunguka mara moja.

"Hili nimeshaliona kwenye jarida la abiria ndani ya ndege," akasema. "Bibi yako anavaa hivi?"

"Bibi yangu anavaa koti la mazoezi la mjomba."

"Ungeleta hilo basi."

Darasa likacheka. Tekle alinisimulia mwenyewe, bila uchungu wowote niliouona, huku akichagua sindano.

Alhamisi mchana ilikuwa zamu ya Lamara kupumzika. Walikutana dukani kwangu kwa sababu kuna viti viwili na joto. Lamara alileta chakula kwenye makopo ya plastiki, biringanya zilizopakwa jozi zilizosagwa na kitunguu saumu, mkate wa jibini, maharage.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Baada ya hapo Lamara alimwangalia binti yake akila, na Tekle aliangalia rafu zangu. Wakiagana walibusiana shavuni, upande mmoja.

Mwaka wa pili Profesa Guidotti akawapa kazi kubwa: kila mmoja amshonee mtu ambaye maduka yamemsahau. Mmoja alimchukua kaka yake mcheza kikapu, mrefu kama mlingoti. Mwingine akamchukua jirani wa kiti cha magurudumu. Alhamisi hiyo Tekle alikula nusu ya kopo, kisha akauliza, "Lamara, Sinyora wako anavaa nini akitoka?"

"Shali. Na shali nyingine juu yake. Koti halimkai, mgongo umepinda."

"Atakubali nimpime?"

Lamara aliweka kifuniko cha kopo mezani. Nadhani hakuwahi kuombwa kitu na mtoto yule. "Nitamkubalisha," akasema.

Sinyora Ersilia hakukubali kirahisi. Nilikuwepo, nimepandisha kitambaa cha marekani cha kufanyia majaribio alichokiagiza Tekle.

"Mgongo wangu si maonyesho," alisema.

"Ni kwa ajili ya shule, Sinyora," Lamara akambembeleza.

"Basi shule ivue nguo kwanza." Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kufungua sweta. "Na wewe msichana, acha kutazama chini kama uko kanisani. Njoo. Miaka mingapi sijavaa kitu kikanikaa! Natembea nimefunikwa mashuka kama kochi la nyumba iliyofungwa."

Tekle akalaza futi ya kupimia kutoka mfupa wa shingo, juu ya nundu, hadi kiunoni. Kisha mbele. Nyuma ilikuwa ndefu kuliko mbele kwa karibu shubiri nzima. Akapima tena, akidhani amekosea.

"Hujakosea," Lamara akamwambia. Alikuwa amemshika Sinyora kwa viwiko, ametanua miguu, ili uzito wa kizee umwegemee yeye. "Bega la kushoto limeshuka tangu alipoanguka. Mkono huu unafika hapa tu. Ukilazimisha hatakwambia kitu, ila hatalala. Kola isimguse nyuma ya shingo, ngozi yake inachubuka. Na mfuko uweke kulia, kushoto hafikii."

"Umeyajuaje yote hayo?"

"Namwogesha."

Tekle akaandika, akamtazama mama yake kidogo, akaendelea kupima.

Majira yote ya baridi alikuja kujaribisha. Alikuja Jumanne, alikuja Ijumaa, siku ambazo awali alisema hana nafasi hata ya kupumua. Marekani ilikatwa, ikabandikwa pini, ikafumuliwa. Sinyora alianza kumsubiri dirishani na kumwita mtoto wetu. Alimfundisha namna glavu nzuri inavyokatwa ili kidole gumba kipumue, akamtukana kwa mishono mikubwa, akampa biskuti zilizokaa sana. Lamara aliwashikia pini. Niliona uso wake siku zile, sikuweza kuusoma. Mara moja tu, akinunua lastiki, aliniambia, "Anacheka na yule bibi. Hujui ana kicheko cha namna gani. Na mimi sikujua."

Koti lilipokamilika lilikuwa la sufu ya rangi ya zabibu iliyoiva, bitana ya hariri ambayo nilimtolea kwenye mabaki. Likilazwa mezani lilionekana limeharibika, nyuma limevimba, mbele limepanda, bega moja chini. Sinyora akilivaa, pindo lilikaa sawa pande zote na mgongo wake ukaonekana kuwa ndio umbo la kawaida na sisi wengine tumenyooshwa bure.

Siku ya kuwasilisha kazi Lamara aliniomba nifunge duka nimsaidie kumshusha Sinyora ngazi. Tulikwenda kwa teksi. Waamuzi watatu wa shule walimzunguka, na mmoja akanyoosha mkono kuligusa bega.

"Mikono yako ya baridi, kijana," Sinyora akamwambia. "Angalia kwa macho."

Walicheka, wakaangalia kwa macho. Profesa Guidotti aliinama chini kabisa, karibu apige magoti, akakagua pindo. Aliposimama alikuwa ameacha ule mzaha wake.

"Mwili kama huu haupo vitabuni," akasema. "Nani amekufundisha kuusoma?"

"Lamara," Tekle akajibu.

"Lamara ni nani?"

"Anamtunza Sinyora."

Lamara alikuwa hatua chache nyuma, mkoba wa Sinyora mkononi, amevaa blauzi yake nzuri. Profesa akamwendea, akampa mkono. "Hongera kwa kazi yako, bibie."

"Ahsante, Profesa."

Sinyora Ersilia alimtazama Tekle, akamtazama Lamara, akafungua mdomo. Kisha akaufunga. Tangu nimjue, hilo sikuwahi kuliona. Tekle alipata alama za juu kuliko zote alizowahi kupata. Ndani ya teksi tulizungumza habari za foleni.

Alhamisi iliyofuata Lamara hakuleta makopo. Alishuka mikono mitupu, akakaa. Tekle alipoingia walianza kuzungumza kwa lugha yao, mimi nikaendelea kupanga vifungo. Baadaye kila mmoja alinieleza kwa upande wake, na simulizi zao zikalingana, jambo ambalo si la kawaida.

"Ulinionea aibu," Lamara alisema.

"Sikuona aibu. Neno halikuja."

"Neno gani?"

Tekle hakulitamka hata hapo. Badala yake alitoa futi mfukoni. "Simama nikupime," akasema. "Nikushonee na wewe."

"Weka futi yako chini. Mimi si kazi yako ya shule."

"Lamara..."

"Ulipokuwa na miaka tisa nilikutumia koti jekundu. Unalikumbuka? Nilimwomba mtoto wa jirani, hapa hapa mtaani, alijaribu. Nikamgeuza, nikamshika mabega, nikasema na wangu atakuwa kama huyu. Bibi alinipigia akaniambia limekukaa kama umezaliwa nalo."

Tekle alikunja futi. Kisha akasema, "Halikupita mabegani. Bibi alimpa Eka, binti wa mwalimu. Nilimwona nalo msimu mzima."

"Hukuniambia."

"Ulifurahi sana kwenye simu. Bibi alisema tukuache ufurahi."

Lamara akauliza lingine, la mabuti. Yalikuwa makubwa. La sketi ya shule je? Sketi ilimkaa. "Kweli au unaniacha nifurahi?" Kweli, ilimkaa, aliivaa mpaka ikachanika. Wakaenda hivyo, kifurushi baada ya kifurushi, kila nguo ikatajwa. Mimi nilisikia sauti tu, moja inauliza, nyingine inajibu kwa neno moja moja. Mwishoni Lamara alicheka, kisha akalia, kisha akaniuliza kwa Kiitaliano kama nina kitambaa cha kufutia pua ambacho si cha kuuza. Tekle alimshika mkono. Hawakukumbatiana. Wakatoka kwenda kunywa kahawa, na hiyo nayo ilikuwa mara ya kwanza.

Mwezi wa kumi Sinyora Ersilia akafa, kwenye kiti chake, baada ya kahawa ya asubuhi. Mpwa wake alikuja kutoka Bologna, mtu mpole, akamwambia Lamara kwamba nyumba itauzwa na kwamba anaweza kukaa mpaka mwisho wa mwezi. Ndivyo inavyokuwa kwa kazi hiyo: anayekufa huondoka na kitanda chako. Koti lilikuwa shuleni, wameliomba kwa maonyesho. Walilivalisha sanamu iliyonyooka, likaning'inia upande, na nasikia bado liko kwenye korido namna hiyo hiyo.

Lamara akahamia kitandani kwa Tekle, kichwa huku na miguu kule. Wanafunzi wenzake walivumilia kwa sababu alipika. Tekle akaomba kazi ya asubuhi katika karakana moja ya makoti huko Scandicci, nje kidogo ya mji, masomo akayasogeza mbele, akamaliza akiwa amechelewa kwa mwaka mzima. Hakufungua duka lake, wala jina lake halikuandikwa popote. Pale karakana anakata kitambaa cha makoti yanayouzwa kwa majina ya watu wengine, na mkuu wake humpelekea miili migumu: wateja waliopinda, waliokatwa titi, wenye mguu mmoja mfupi. Anasema kazi inamtosha. Namwamini, kwa sababu si mtu wa kusema mengi ili kukufurahisha.

Walipanga vyumba viwili huko huko Scandicci. Lamara anafanya kazi za saa chache chache na jioni hurudi kwake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu afike nchi hii. Wanagombana. Mmoja anataka dirisha wazi, mwingine anataka lifungwe. Tekle bado anamwita mama yake Lamara, na Lamara haulizi tena lile neno. Mara ya mwisho walipopita dukani walikuwa wamenuniana kwa sababu ya biringanya: mkuu wa karakana alimrudishia Tekle koti zima alilolimalizia nyumbani, akidai linanuka kitunguu saumu.

"Sufu inanyonya harufu," Tekle aliniambia. "Nimemweleza mara ngapi!"

"Mwambie huyo mkuu wako aje ale," Lamara akajibu, akiwa ameinama kwenye droo ya vifungo. "Atajua harufu ilikotoka."

Siku hizi vitambaa vinalala chumbani, na Lamara anapika mlango wa jikoni ukiwa umefungwa.