Bunduki Iliyonienea

Harufu ya mafuta ya bunduki hunirudisha kwenye duka lile la bunduki katika mji wa Savage, huku ughaibuni, baba akiwa bado na sare ya kazi ya nyumba ya wazee. Tulitaka bunduki ya risasi ndogo, ya kulengea makopo. Muuzaji alitulazia mbili juu ya kaunta, zote za kukokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini. Akaisifu ile nzito, eti mtu mzima huishika ikatulia.

Baba akanigeukia mimi, binti yake mdogo. “Funga macho, mama. Sikiliza.”

Akaikoki ya kwanza; ikakwaruza. Ya pili, ile nyepesi, iliteleza kama droo mpya. Kisha akaniwekea kila moja begani, na ile nyepesi peke yake ndiyo iliyonienea.

“Hiyo itakuwa fupi kwako,” muuzaji akamwonya.

Baba akajibu kwa Kiswahili, akiniangalia mimi: “Sitaki kwenda kulenga peke yangu.”

Leo nimeipaka mafuta, nikafunga macho, nikaikoki. Bado inateleza, ila kitako ni kifupi kwangu. Makopo yamo garini. Baba, aliyekuwa akinipangia, hayupo tena. Nitayapanga mwenyewe, kisha nirudi nyuma niyaangushe mwenyewe.